Barua ya wazi kwa Katibu Tawala wa Mkoa wa Dodoma: majibu ya utafiti yarudi kijijini

Ndugu Katibu Tawala,

YAH: OMBI LA KUONGEZA SHARTI MOJA KATIKA BARUA ZA UTAMBULISHO WA WATAFITI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mtendaji wa kijiji mstaafu, Wilaya ya Kongwa. Katika utumishi wangu, barua za watafiti zilizoanzia ofisi ya mkoa zilinifikia zikiwa zimepigwa mihuri njia nzima: Mkoa, Mkurugenzi wa Halmashauri, Mtendaji wa Kata, kisha mimi. Maneno yake nimeyakariri. Mtajwa hapo juu ni mtafiti wa chuo kikuu fulani, tafadhali mpe ushirikiano. Tulitoa ushirikiano. Niliita wenyeviti wa vitongoji, tukawapeleka wageni kwenye kaya, tukawatafutia mtu wa kutafsiri Kigogo pale ambapo bibi alitazama dodoso na dodoso likamtazama yeye. Watu walitoa mkojo, damu, mahindi ya akiba na nusu siku ya palizi. Barua ilieleza vizuri jinsi mtafiti atakavyoingia. Juu ya kurudi kwake haikuwa na hata mstari mmoja.

Nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na vyuo vikuu. Mkoa huu umechunguzwa sana kuliko wenyewe tunavyojua, na yaliyopatikana hapa ni mambo makubwa.

Ugonjwa wa vikope, ambao wataalamu huuita trakoma, umeifanya Kongwa ijulikane na madaktari wa macho wa dunia nzima. Mwaka 1995 jarida la Lancet lilichapisha jaribio lililoongozwa na Sheila West wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani. Vijiji vyote vilivyoshiriki vilipewa dawa ya macho ya kupaka, lakini baadhi yake viliongezewa kampeni ya kuwanawisha watoto uso, na huko ndiko vikope vikali vilikopungua zaidi. Leo usafi wa uso ni nguzo mojawapo kati ya nne za mkakati wa Shirika la Afya Duniani dhidi ya ugonjwa huo, pamoja na upasuaji, dawa na kuboresha mazingira. Ni wangapi kati ya vijana wetu wanaojua kwamba ushahidi huo ulitoka kwenye nyuso za wazazi wao walipokuwa watoto?

Maji ni hivyohivyo. Mji wa Dodoma umekunywa maji ya visima vya Makutupora kwa miongo mingi, na vipimo vya kina cha maji yale vimetunzwa kwa muda mrefu kuliko karibu sehemu yoyote ya kitropiki barani Afrika. Mwaka 2013 Richard Taylor wa chuo kikuu cha UCL cha London na wenzake, wakiwamo wataalamu wa Kitanzania, walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za miaka 55. Walichokuta ni kwamba mvua za kawaida haziongezi kitu kikubwa chini ya ardhi. Maji hupanda katika misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi, kama ile ya El Nino ya 1997/98, kisha tunayatumia kwa miaka. Utafiti mwingine, wa mwaka 2021, ukafuata njia yenyewe ya maji na kuonyesha kwamba mengi huzama kupitia michanga ya mito ya msimu kama Kinyasungwe Ndogo, mto ukitiririka kwa siku nyingi. Mkulima wa Chihanga anayelima hadi ukingoni mwa korongo, na kijana anayechota mchanga kwa ajili ya majengo ya makao makuu, wote wawili wanahusika na habari hii kuliko msomaji wa jarida huko ng'ambo.

Lakini jambo lililonifanya nishike kalamu ni chakula.

Mwaka 2016 Chemba, Kondoa na Kiteto ya jirani zetu wa Manyara zilipigwa na ugonjwa ambao mwanzoni magazeti yaliuita ugonjwa usiojulikana. Macho ya njano, kutapika, tumbo kujaa maji. Uchunguzi ulipokamilika, waliougua walikuwa 68 na waliofariki 20. Chanzo kilikuwa sumukuvu ndani ya mahindi ya kaya zao wenyewe. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa na viwango vyetu vya taifa ni mikrogramu 10 katika kilo moja ya nafaka, na baadhi ya mahindi yaliyopimwa yalipita hapo mara mamia. Nani wa kushtakiwa? Mahindi yalilimwa na waliokufa.

Sumu hiyo hutengenezwa na ukungu uitwao Aspergillus flavus. Ukungu huanza kazi mahindi yakiwa bado shambani, hasa ukame unapoyabana, na huendelea stoo yakiwekwa mabichi. Hapo ndipo utafiti unapogongana na imani za jikoni. Kwetu watu huamini kwamba moto huua kila kitu. Moto wa ugali hauiui sumukuvu. Punje inaweza kuwa na sumu bila kuonyesha ukungu kwa macho. Na ile isiyoua leo huumiza ini polepole hadi saratani, ambayo mtaani tutaiita kurogwa.

Kuna jingine ambalo sijasikia likisemwa wazi kwenye mkutano wa hadhara. Miaka yote kliniki zimewafundisha akina mama kutia karanga kwenye uji wa lishe, na ni ushauri mzuri, kwa kuwa mtoto anayekula uji wa mahindi matupu hakui. Ila mahindi na karanga ndiyo mazao mawili yanayopendwa zaidi na ukungu huu. Ndiyo maana Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha walikuja Kongwa na jaribio lililogawanya zahanati na vituo 52. Akina mama wote walipewa elimu ya ulishaji, na kundi moja likapewa pia unga wenye sumukuvu kidogo kwa watoto wa miezi 6 hadi 18, ili ionekane kama urefu wa watoto utatofautiana. Jibu la swali la namna hiyo, liwe ndiyo au hapana, ni mali ya wale akina mama kabla ya kuwa mali ya jarida. Na hapana nayo ni jibu. Mama akijua kwamba unga safi peke yake hautoshi, atatafuta tatizo pengine.

Ushauri wa kitaalamu wenyewe unafahamika: kausha juu ya turubai badala ya udongoni, usihifadhi kabla hayajakauka sawasawa, chambua punje zilizopasuka na zilizooza, koboa, tumia mifuko isiyopitisha hewa. Mtama na uwele, chakula cha wazee wetu wa Ugogo, kwa kawaida huathirika kidogo kuliko mahindi. Lakini hebu simama mbele ya mkutano wa kijiji useme "chambueni". Mtu wa nyuma atauliza: mabovu tuyapeleke wapi? Kwa sababu leo yanakwenda kwenye pombe, kwa kuku, na kwa ng'ombe ambaye maziwa yake yataibeba sumu na kuirudisha kwa mtoto. Mtafiti akisikia swali hilo ana utafiti wake unaofuata. Asiporudi, hatalisikia.

Sasa nije kwenye ombi. Tume ya Sayansi na Teknolojia hutoa kibali. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu hutoa cheti cha maadili, na masharti ya cheti hicho yanataka taarifa ya maendeleo kila miezi sita kwa Wizara, kwa Taasisi yenyewe, kwa Mganga Mkuu wa Mkoa na wa Wilaya. Ngazi hiyo inaishia wilayani. Kijiji hakimo. Wapo watafiti waungwana waliorudi kwetu kwa hiari yao, na tuliwachinjia kuku. Wengine, ambao sitawataja, tuliwasikia redioni wakitangaza matokeo yetu.

Ofisi yako haihitaji sheria mpya. Mkutano Mkuu wa Kijiji upo kisheria kila baada ya miezi mitatu, na mara nyingi hukosa ajenda inayowavuta watu. Naomba barua ya utambulisho iongezwe maneno haya: "Utafiti ukikamilika, mtafiti atawasilisha matokeo yake kwa Kiswahili katika Mkutano Mkuu wa kijiji alichofanyia kazi, na kumwachia Mtendaji wa Kijiji nakala ya ukurasa mmoja wa kubandika kwenye ubao wa matangazo." Ofisi ibaki na daftari la walioingia na waliorudisha majibu, na chuo chenye deni kiulizwe kabla ya kupewa barua nyingine.

Najua yatakayosemwa. Bajeti imekwisha, mwanafunzi amehitimu na kuondoka. Basi nauli ya kurudi iandikwe kwenye bajeti tangu mwanzo, kama posho ya madodoso inavyoandikwa. Aliyeondoka amtume mwenzake wa Chuo Kikuu cha Dodoma, ambacho kiko hapahapa. Siri za mtu mmoja mmoja zibaki siri. Lakini kaya ambayo mahindi yake yamekutwa na sumu iambiwe wiki hiyohiyo, isisubiri jarida wala mkutano, maana bado inayala.

Msimu wa mavuno unapokaribia, maombi ya watafiti huongezeka mezani kwako. Ningefurahi kama sharti hili lingeanza na hayo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mtendaji wa Kijiji mstaafu,
Wilaya ya Kongwa

Nakala: Wakurugenzi wa Halmashauri zote za Mkoa wa Dodoma