Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wa Mkoa wa Dar es Salaam: anayeonewa mtandaoni asianze kuulizwa simu kaitoa wapi

Ndugu Afisa Elimu,

Sisi ni walimu wa malezi na washauri nasaha wa sekondari za kutwa. Tunaomba waraka mmoja kutoka ofisini kwako kuhusu uonevu wa mtandaoni.

Shule zinakataza simu, nasi hatuombi katazo hilo liondolewe. Ila uonevu huu hauhitaji simu darasani. Unafanyika usiku kwenye grupu la WhatsApp la kidato au la twisheni, kwa simu ya mama au ya kaka. Asubuhi unaendelea kituoni, ndani ya daladala na mstarini. Mtoto akija kushtaki, swali la kwanza ni, "Wewe simu umeitoa wapi?" Hapo mlalamikaji kageuka mtuhumiwa, na wenzake wote wameshajua kwamba ni heri kunyamaza. Waraka utamke wazi: anayeleta malalamiko, au shahidi anayeonyesha ujumbe, haadhibiwi kwa kosa la simu.

Shule nyingi zinaharibia kwenye ushahidi. Mwalimu anaamuru "futeni huo uchafu", wanafuta, na wiki ikiisha hakuna cha kupeleka polisi. Kwenye WhatsApp, aliyetuma ujumbe anaweza kuufuta kwa wote ndani ya siku mbili na ushee. Stetasi hupotea baada ya saa 24. Kwa hiyo skrinishoti zipigwe siku hiyohiyo, zionyeshe tarehe, saa na namba kamili. Jina lililoseviwa halitoshi, maana mwenye simu anaweza kuandika lolote. Kumbloku mtumaji kufuate baadaye.

Picha ya utupu ya mtoto ina utaratibu wake. Isipigwe skrinishoti, wala mwalimu asitumiwe "ajionee". Kila anayeirusha, hata kwa nia njema, anaongeza nakala. Yaandikwe maelezo tu (namba, grupu, saa), kisha mzazi na mtoto wafike na simu yenyewe Dawati la Jinsia na Watoto, kituo cha polisi. Ipo pia huduma ya bure mtandaoni, Take It Down, kwa picha zilizopigwa mhusika akiwa chini ya miaka 18: inatengeneza alama ya kidijitali bila picha kutoka kwenye simu, na mitandao iliyojiunga, kama Instagram na TikTok, huitumia kuitafuta na kuiondoa. Ndani ya magrupu ya WhatsApp haifiki, hivyo asiahidiwe mtu miujiza.

Wapo wanaopenda kutishia kwa kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kinachokataza uonevu wa mtandaoni: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au jela isiyopungua miaka 3, au vyote. Kifahamike, sawa. Lakini mwonevu wa miaka 14 naye ni mtoto mbele ya Sheria ya Mtoto ya 2009.

Kuwakalisha uso kwa uso wapeane mikono kukome. Nguvu zao si sawa. Aliyeonewa atasema yameisha ili tu atoke chumbani. Wahojiwe mmoja mmoja, na mashabiki waliocheka na kusambaza waitwe pia, kwani bila wao mwanzilishi hana jukwaa. Mwalimu wa malezi amwite tena mtoto baada ya wiki, na baada ya mwezi.

Na lile sanduku la maoni mlangoni kwa mkuu wa shule, ufunguo kwa mwalimu wa nidhamu: nani atatumbukiza karatasi pale? Lihamie maktaba au njia ya vyooni, lifunguliwe na walimu wa malezi, wa kike na wa kiume kwa pamoja. Juu yake ibandikwe 116, namba ya bure ya Huduma ya Simu kwa Mtoto.

Tunaomba waraka ufike kabla ya Januari, maana Kidato cha Kwanza wakiripoti, magrupu mapya hufunguliwa wiki hiyohiyo.

Wako katika kazi,
Walimu wa malezi na washauri nasaha, Dar es Salaam