Kwa mwanangu Salim, kabla hujaenda Dahab

Mwanangu Salim,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, barua hii nimempa Zuhura akuletee Watamu kwa sababu kwenye simu huwa wanikata kabla sijamaliza, na hili nataka nilimalize.

Habari ya kazi ya Misri, huko Dahab, tumeipokea kwa furaha. Babako hakuambii, lakini amepita baraza zote za Kibokoni akitangaza kwamba mwanawe anakwenda kuwa mwalimu wa wapiga mbizi. Mimi nami najivuna, sikufichi. Ila kuna ule ujumbe wa sauti uliowatumia wenzako kwenye grupu siku ya pili ya msiba wa yule mpiga mbizi aliyefia majini huku kwetu Mombasa, na huo ndio ulionikalisha kitako niandike.

Ulidhani utabaki hukohuko grupuni. Haukubaki. Nilikuwa kwao marehemu, tumekaa ua wa nyuma tunachambua mchele wa hitima, kila mtu na ungo wake mapajani. Binti mmoja akafungua simu, na sauti yako ikajaa uani: "Huyo hakuwa na uzoefu. Alipanda mbio. Mimi singefanya hivyo." Hakuna aliyeuliza ni nani. Dada yake marehemu aliweka ungo chini, akapangusa chuya kwenye leso, akaingia ndani asitoke tena. Mkewe yumo edani, chumba ni hichohicho chenye dirisha la uani, na dirisha lilikuwa wazi. Mwili wenyewe ulikuwa bado mochari ukimngoja daktari. Bi mmoja akaninyanyulia macho: "Huyu si Salim wako?" Nikamjibu ndiye.

Sasa niambie, ulijuaje? Hukuwa naye. Ulikuwa Watamu, yeye amekufa upande wa huku.

Wewe ndiye uliyeniletea ule uchunguzi wa DAN, lile shirika la Marekani lililoanzishwa 1980 kwa ajili ya ajali za wapiga mbizi, ukasema niusome nipate kutulia. Nimeusoma, Zuhura akinifasiria. Waliangalia vifo 947 vya kati ya 1992 na 2003. Pale chanzo kilipojulikana, asilimia 41 ilianza na hewa kupungua au kuisha. Wewe ukaniambia, "Unaona, mama, ni uzembe wao." Mimi sikuona hivyo. Watu hao walikuwa na geji ya kupimia hewa kama yako na walifundishwa kuitazama kama ulivyofundishwa wewe. Na mbele kidogo imeandikwa kwamba kati ya wale ambao kilichowaangusha kilijulikana, kama robo walikuwa wameshikwa na moyo. Mtu akishikwa na moyo kule chini, mwenziwe huona nini? Humwona anatapatapa, anatoa kifaa cha kupumulia mdomoni, anapanda juu bila kungoja. Atasema mgeni wa bahari huyo, ameingiwa na hofu. Kumbe mwenyewe alikuwa anakufa kwa ugonjwa ambao hata mkewe hakuujua. Hilo hulijua daktari akishampasua, na wewe ulilisema kabla ya daktari.

Hilo la aibu nitalimaliza mwenyewe na majirani zangu. Linaloninyima usingizi ni hayo maneno yako matatu, mimi singefanya hivyo. Kwa sababu huko unakokwenda ndiko mahali pa mtu kuyaamini.

Hiyo Dahab nimeiuliza. Nimeambiwa pana shimo la bahari wanaloliita Blue Hole, hatua chache kutoka ufukweni, na juu yake kwenye mwamba pamebandikwa vibao vya majina ya waliokufa mle. Ndani mna tao la jiwe linalotokea bahari kuu, na kichwa cha tao hilo kiko mita 55 hivi kwenda chini, wakati kikomo cha mtu anayezamia kwa burudani ni mita 40. Watu huliona liko karibu kwa vile maji ni maangavu. Mwaka 2000, mwezi wa Aprili, kijana mmoja wa asili ya Urusi, umri wake miaka 22, mwalimu kama utakavyokuwa wewe, alizama mle na mtungi mmoja wa hewa ya kawaida na kamera. Alikutwa zaidi ya mita 90. Mamake ndiye aliyemwomba mpiga mbizi wa pale, Tarek Omar, akamtoe, akamtoa. Kamera ilikuwa bado nzima, na mna kila kitu mpaka mwisho wake. Leo video ile inatazamwa na watu wasiomjua hata jina, wanaieleza, wanahesabu makosa yake, halafu wanakwenda kulala. Nimekataa kuitazama. Mimi ninamfikiria yule mama aliyeipokea ile kamera mkononi.

Naye alikuwa na cheti, mwanangu. Cheti kikubwa kuliko chako cha sasa.

Na yule wa Thailand, Saman Kunan, wakati wa wale watoto wa mpira waliokwama pangoni? Mwanajeshi wa majini mstaafu, mtu wa mazoezi, amekwenda kwa kujitolea. Tarehe 6 Julai 2018 alikuwa ametoka kupeleka mitungi ya hewa ndani, anarudi, na hewa yake yeye ikaisha njiani. Nani atathubutu kusema huyo hakuwa na uzoefu? Sema basi, kama unalo la kumsema.

Hesabu za maji umenifundisha wewe mwenyewe na sijazisahau. Kila mita 10 uzito wa maji unaongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu, kwa hiyo mita 30 mgandamizo ni mara nne ya huku juu, na mtungi ambao ungekutosha saa nzima ukiwa juu, pale chini ni robo saa. Ukishuka zaidi nitrojeni inalevya, mtu anacheka na kujiona hodari, na ukizidi tena hata oksijeni yenyewe inageuka sumu. Ndiyo maana siamini neno "ningejua la kufanya". Akili ya kujua ndiyo inayotangulia kuondoka. Wewe una mbizi mia nne na ushee, mashallah, na wengi wanakuita mwalimu kabla ya wakati. Lakini mbizi mia nne za Watamu na Kisite, kwenye miamba unayoijua jina kwa jina, si mbizi za kule. Babako amevua maisha yake yote ndani na nje ya mwamba, bamvua na maji mafu anayasoma kwa kutazama ufuko tu, na bado kusi lilimfanya lile unalolijua pale mlangoni. Sitalirudia, ulikuwamo chomboni.

Sisemi msizungumze ajali. Msipozungumza mtakufa kwa kosa lilelile kila mwaka. Lakini yana wakati wake na namna yake. Mtungi na vile vifaa visiguswe mpaka wenye kazi wavipime, kompyuta yake ya mbizi, ile ya kuvaa mkononi, isomwe, daktari aseme lake, mtu azikwe. Kisha kaeni nyinyi kwa nyinyi muulizane kilitokea nini, hewa ilikuwa kiasi gani, mwenziwe alikuwa wapi, nani alimruhusu ashuke. Hayo ni maswali ya mtu anayetaka kujifunza. "Huyo hakuwa na uzoefu" si swali. Ni mlango umefungwa, na aliyeko nje ni maiti asiyeweza kujibu.

Mji huu tumeshaona haya. Ile Septemba ya 2019, gari lilipoteleza kutoka feri ya Likoni na mama na binti yake ndani, kila mwenye simu alikuwa mjuzi. Kwa nini hakufungua mlango, kwa nini hakuvunja kioo, kwa nini wanamaji wanachelewa. Video ile ilizunguka mpaka ikafika kwangu, na haikuishia kwangu. Wapiga mbizi walikuwa wanatafuta mita 58 chini, maji ya Kilindini giza na mkondo unavuta, na gari halikutoka mpaka 11 Oktoba. Siku zote hizo jamaa zao wako ukingoni, wanayasoma na wanayasikia. Na mji huohuo ndio uliozika watu wa feri ya Mtongwe 1994, 272, nyumba baada ya nyumba. Ungetarajia tuwe tumejifunza kunyamaza mbele ya watu waliopotelewa majini.

Sisi tunaambiwa anayekufa maji ni shahidi. Basi shahidi huyo usimtoe makosa watoto wake wakisikia. Yupo mmoja wa miaka sita, anajua kufungua simu.

Jingine. Nimesikia kwa Zuhura kwamba wewe na kina Bakari mnataka kuaga kwa kushuka kwenye ile meli ya Dania hapa Bamburi, Jumamosi asubuhi, na ndege yako ni usiku wa siku hiyohiyo. Salim! Hiyo meli imezamishwa karibu mita 30, si mahali pa kujipoza. Na wewe ndiye uliyemzuia yule mgeni wa Kijerumani asipande ndege kabla ya saa 24 tangu atoke majini, ukanisimulia kwa fahari jinsi alivyokasirika. Kwake ni sheria, kwako si sheria? Hapo ndipo ninapokwambia hayo maneno matatu yamekukaa moyoni. Ikiwa lazima kwenda, nendeni Ijumaa asubuhi, mpande polepole, mkae mita 5 chini ya maji zile dakika tatu zenu kabla ya kutoka. Jumamosi ukae nyumbani ule pilau na babako.

Na ukifika kule, siku ya kwanza kabla ya kuvaa chochote, uliza chumba cha kutibu wenye ugonjwa wa kupanda haraka kiko wapi, kinafunguliwa na nani, na nani analipa. Bima yako nataka niione karatasi. Maji yao baridi kuliko yetu wakati wa kipupwe chao, nunua vazi nene, usijitie uanaume. Na mkubwa wako akikutuma upeleke wageni mahali wewe mwenyewe huna uhakika napo, kataa. Wakikufukuza, nauli tutaitafuta. Babako amesema atauza ile mashine ya boti, na mimi sikumpinga.

Fedha ulizotuma zimefika. Nimelipa karo ya Zuhura ya muhula huu na zilizobaki nimempa fundi wa paa, maana upande wa chumba chako mvua ilikuwa inaingia ukutani. Godoro nimelihamisha, usishtuke ukikuta chumba kitupu. Tangi la maji nalo limepasuka chini, tunanunua ya mkokoteni kwa sasa. Ukija njoo na ile gundi mnayozibia boti, fundi anasema itashika.

Alhamisi ukifika usianzie nyumbani. Shukia kwao marehemu kwanza, baada ya Alasiri, wanaume huwa barazani. Vaa kanzu. Mpe baba yake mkono, umwambie kwamba ile sauti ni yako na umekuja kumwomba radhi, basi, usimweleze habari za mita wala mitungi. Akiwa na la kukwambia, msikilize mpaka amalize. Akinyamaza, kaa naye. Kisha muulize kama kuna kazi ya hitima ya arubaini ambayo vijana wanaweza kuishika, viti au kubeba maji, na uwape jina la Bakari maana wewe hutakuwapo.

Ukitoka hapo pitia kwa fundi cherehani uchukue suruali zako mbili, nimeshamlipa.

Mamako