Kinanda cha kale kisifunguliwe kabla fedha hazijapatikana

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwajibu wanaodai kwamba kukihamisha kinanda cha mabomba, yaani kile kinacholia kwa upepo unaopulizwa katika mabomba yake, kutoka kanisa la kale la Uingereza ni sawa na kukiua. Naishi huku, na baraza la kanisa ninalosali linajadili jambo hilo hilo. Naona hofu hiyo imeelekezwa pasipo pake.

Viko vinanda vilivyohamishwa na vikaendelea kuishi. Kinanda kilichotengenezwa na mafundi wa ukoo wa Dallam mwaka 1631 kwa ajili ya Chuo cha Magdalen, Oxford, kilipelekwa kasri la Hampton Court enzi za Oliver Cromwell, mtawala wa Uingereza katika karne ya 17, kikarudishwa Oxford, na mwaka 1737 kikauzwa kwa Abasia ya Tewkesbury, ambako mabomba yake ya mbele yanaonekana hadi leo. Kinanda ambacho fundi Henry Willis alikionyesha kwenye Maonyesho Makuu ya London mwaka 1851 hakikutengenezewa kanisa lolote. Kanisa Kuu la Winchester lilikinunua kikiwa kimepunguzwa, kikaanza kutumika huko mwaka 1854.

Kinachoviangamiza vyombo hivi ni kufunguliwa vipande vipande kabla haijajulikana vinakwenda wapi na nani atalipa. Katika kanisa moja la jirani, waumini wenye nia njema walikishusha kinanda chao wenyewe kwa haraka kwa sababu jengo lilikuwa limeshapata mnunuzi, wakayalaza mabomba sakafuni yakiwa yamepandana. Bomba la mchanganyiko wa madini ya bati na risasi ni laini: likilazwa bila kuegemezwa vizuri hubonyea kwa uzito wake lenyewe, na mdomo wake, yaani tundu linalotoa sauti, ukishapinda, hata kwa kubanwa na kidole gumba, sauti hubadilika. Fundi wa zamani alikuwa amekwangua herufi ya noti kwenye kila bomba, lakini kila safu, yaani kundi la mabomba yenye sauti ya aina moja, ina noti zake za C, na hakuna aliyeandika C ipi ilitoka safu ipi. Fundi aliyeitwa baadaye alikuta fumbo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kalamu na kamera. Kila bomba liandikwe mahali pake, na shinikizo la upepo lipimwe kinanda kingali kinapumua, kwani asiyelijua shinikizo hilo atalazimika kuikata midomo ya mabomba upya ili yaitike, na hapo sauti ya fundi wa kwanza itakuwa imepotea. Ngozi ya mivukuto ibadilishwe bila ubishi. Ilipowekwa ilijulikana kwamba itachakaa, na joto la mitambo ya kupasha makanisa huikausha mpaka ikaacha unga mwekundu vidoleni. Lakini vijiti vya mbao vinavyounganisha vibao vya kuchezea na vali zinazoingiza upepo kwenye mabomba visiondolewe ili kuweka nyaya za umeme, zinazowezesha vibao kuwekwa mbali na mabomba, hata kama mwalimu wa kwaya angependa sana kukaa karibu na waimbaji wake. Kanisa linalopokea nalo lipimwe mapema: bomba la futi 16 lililosimama wima linahitaji dari la zaidi ya mita 5, na nimesikia mapendekezo ya kulikata ili lienee, jambo ambalo sitalijadili.

Hati za kutambua vinanda vya kihistoria zinazotolewa na wataalamu wa Uingereza zina heshima, ila hazina nguvu ya kisheria. Chenye nguvu katika Kanisa la Anglikana huku ni kibali cha jaji wa dayosisi. Nawaomba wasomaji wenzangu waliomo katika mabaraza ya parokia za Uingereza wadai kibali hicho kiwe na sharti moja: lisishushwe bomba hata moja kabla kanisa linalopokea halijatia saini na fedha zote za ukarabati hazijawekwa benki.

Msomaji wako,
Kusini mwa Uingereza