Risala ya Kikundi cha Usomaji wa Fikra za Wanawake kwa Mgeni Rasmi, Dodoma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu walezi, wanachuo wenzetu, itifaki imezingatiwa. Tunakushukuru kwa kuuacha msongamano wa kazi zako ukaja kwetu.

Kikundi kilianza miaka minne iliyopita, wanachama tisa chini ya mwarobaini nyuma ya bwalo. Leo tuko 60, wanaume 22 wakiwamo, na hakuna kikundi chuoni kinachojaza ukumbi Jumatano jioni kama hiki. Tumewasoma Bibi Titi Mohamed, mpigania uhuru wa Tanganyika, Funmilayo Ransome-Kuti, mpigania haki za wanawake wa Nigeria, Gertrude Mongella aliyekuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu Wanawake, Beijing, 1995, na Anne Makinda, mwanamke wa kwanza kukalia kiti cha Spika wa Bunge hapa hapa Dodoma, mwaka 2010.

Mheshimiwa, hatuanzi na maana ya ufeministi. Ukianza na neno lenyewe, jioni nzima inaishia kwenye ubishi wa nani anamchukia nani. Tunaanza na kesi. Holaria Pastory alirithi shamba kwa wosia wa baba yake, akaliuza mwaka 1988 kwa mtu asiye wa ukoo. Ndugu wa ukoo akaenda mahakamani, kwa kuwa mila ya Kihaya haikumruhusu mwanamke kuuza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kuwa mila hiyo ya ubaguzi haiwezi kusimama mbele ya Katiba. Akishaisoma hukumu hiyo, mwanachuo hahitaji kufafanuliwa mfumo dume. Anauliza mwenyewe shamba la bibi yake limeandikwa jina la nani.

Kikwazo ni kusoma. Tuna nakala moja ya hukumu hiyo kwa Kiingereza, tena ni kopi ya kopi: maneno mawili ya mwanzo ya kila mstari yamemezwa na kivuli cha mgongo wa kitabu. Neno "not", yaani "si", likipotea, hoja inageuka kinyume, na imetokea.

Tafsiri ya Kiswahili tumeshaikamilisha, na mhadhiri wa sheria ameihakiki. Kijitabu cha tafsiri hiyo ni kurasa 48, yaani karatasi 12 za A4 zilizochapwa pande mbili na kukunjwa. Vijitabu 60 ni karatasi 720. Rimu mbili zinatosha na akiba ya zitakazoharibika inabaki. Tunaomba rimu hizo, wino, karatasi ngumu za majalada, na stepla ya mkono mrefu, kwani ya kawaida haifiki kwenye mkunjo.

Tunaomba pia kabati moja la chuma lenye kufuli. Rafu ya mbao iliingiwa na mchwa kutoka sakafuni. Walikula kurasa za ndani wakaacha majalada yamesimama, tukadhani vitabu ni vizima. Miguu ya kabati iwe na sentimita 10, ili njia ya udongo ya mchwa ionekane mapema.

Kwa heshima zote, mwaka juzi mgeni rasmi aliyesimama hapo ulipo aliahidi kabati na vitabu 40. Tulipiga makofi, picha zikapigwa. Tumeandika barua tatu. Zote zimegongwa mhuri wa kupokelewa, na kabati hatujaliona. Hivyo, Mheshimiwa, tunakuomba ututajie tarehe mbele ya hadhara hii. Katibu wetu ameshafungua daftari la kumbukumbu.

Tunaomba kuwasilisha.