Mwanangu, katalogi si ratiba

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako umefika, na kozi nne ulizozipangia muhula wa Septemba nimeziona: semina ya mwaka wa kwanza, utangulizi wa anthropolojia, historia ya filamu, na falsafa. Niliposoma mara ya kwanza nilifurahi. Wewe tangu hapo ni mtu wa kusoma kila kinachopita mbele yako, na vyuo vidogo vya sanaa huria vya Marekani, ambako mwanafunzi huonja masomo mengi kabla ya kubobea, vinamfaa mtu wa namna hiyo. Niliporudia kusoma ndipo moyo uliponishtuka. Hesabu iko wapi?

Unasema meja yako, yaani somo kuu la shahada, itakuwa uchumi. Unasema pia kwamba kalkulasi, ile hesabu ya kasi ya mabadiliko, utaichukua mwaka wa pili, ukishazoea mazingira. Nakuomba usiiahirishe, na naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanijibu kwamba nakuingilia.

Katalogi uliyonitumia nimeisoma yote, na ya mwaka uliopita nimeitafuta nikaziweka pamoja. Katalogi ni orodha ya kozi zote ambazo chuo kimeziidhinisha. Ratiba ya muhula ni kozi ambazo safari hii kuna mtu wa kuzifundisha. Hivyo ni vitu viwili, na kwenye chuo chenye wanafunzi elfu mbili hivi tofauti yake ni kubwa kuliko unavyodhani. Chukua ile kozi ya uchumi wa maendeleo uliyoipigia mstari. Shuka mpaka mwisho wa maelezo, kwenye herufi ndogo. Pameandikwa: sharti la awali, uchumi maikro wa kati, hutolewa kila baada ya miaka miwili, haitolewi mwaka huu. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayowaumiza wanafunzi, kwa sababu jina la kozi liko juu kwa herufi nene na onyo liko chini.

Sababu yake ni idadi ya walimu. Idara yenu ina maprofesa watano. Kila mmoja anafundisha kozi tano kwa mwaka, basi idara nzima ina nafasi kama ishirini na tano. Utangulizi wa uchumi lazima ufundishwe kila muhula, tena kwa madarasa mawili au matatu, kwa kuwa wanafunzi wa idara nyingine pia wanauchukua. Maikro (uchumi wa mtu na kampuni), makro (uchumi wa nchi nzima) na takwimu nazo haziwezi kukosa. Ukishatoa hizo na semina za mwaka wa nne, nafasi zinazobaki ni chache, na kozi za juu zinapokezana: mwaka huu biashara ya kimataifa, mwaka ujao maendeleo. Halafu kuna likizo ya utafiti. Profesa akienda, chuo kikipata mhadhiri wa muda humpa madarasa ya utangulizi, na ile kozi ambayo profesa peke yake ndiye aliyeijenga hulala mpaka arudi. Kwenye chuo kikuu chenye walimu arobaini katika idara moja, mwanafunzi hata hajui kama kuna aliyeondoka.

Sasa piga hesabu ya miaka yako. Kozi inayokuja mwaka mmoja na kukosekana mwaka mwingine utaiona mara mbili katika miaka minne. Mara ya kwanza hutakuwa na masharti ya kuingia. Kwa hiyo kwa kweli unayo nafasi moja tu. Na nafasi hiyo ikiangukia mwaka wa tatu, muhula uliotaka kwenda kusoma nje ya Marekani, huna hata moja.

Ndiyo maana nasema anza na kozi ya mwisho unayoitaka, urudi nyuma hatua kwa hatua. Semina ya mwaka wa nne inadai ekonometria, yaani kupima mambo ya uchumi kwa takwimu. Ekonometria inadai takwimu na maikro ya kati, na katika ratiba zote mbili nilizonazo imefundishwa Januari tu. Maikro ya kati inadai utangulizi wa uchumi na kalkulasi ya kwanza, nayo imefundishwa Septemba tu. Fuata mnyororo huo uone unakokupeleka.

Ukichukua kalkulasi Septemba hii na utangulizi wa uchumi Januari, maikro unaipata Septemba ya mwaka wa pili pamoja na takwimu, na ekonometria Januari inayofuata. Mwaka wako wa tatu unakuwa mweupe. Nenda nje ukitaka, subiri kozi ya maendeleo ukitaka. Ukiiweka kalkulasi mwaka wa pili, mlango wa maikro wa Septemba hiyo unakupita, unangoja hadi Septemba ya mwaka wa tatu, na ekonometria inakuwa Januari ya mwaka huohuo. Kusoma nje muhula huo kumekufa. Semina inakuja mwaka wa nne bila nafasi ya kukosea. Darasa likijaa, au ukifeli kozi moja, au profesa akiondoka, unaingia muhula wa tisa. Barua yako ya ufadhili inasema mihula minane. Hiyo ya tisa tungeilipa sisi, na unajua hali ilivyo.

Kama semina umeshaipata, basi kuna kozi tatu za kuchagua na moja lazima ipishe. Mama yako alidhani nitasema uache filamu. Hapana. Utangulizi wa anthropolojia unafundishwa kila muhula, utaukuta Januari. Falsafa vilevile. Historia ya filamu imekosekana mwaka jana, haidai sharti lolote, na safari hii ipo. Kozi adimu ishike inapopita. Ile ya kila siku iahirishe. Toa anthropolojia, weka kalkulasi.

Marafiki zako walioko vyuo vingine usiwafuate katika hili, hata kama wanakutakia mema. Wa Colorado College anasoma kozi moja kwa wiki tatu na nusu kisha anaingia nyingine. Ushauri wake wa kubana kozi ngumu hautakufaa wewe unayebeba nne kwa pamoja. Carleton wana vipindi vitatu vya wiki kumi kwa mwaka, kozi tatu kila kipindi. Grinnell haina orodha ya kozi za lazima zaidi ya ile semina ya mwaka wa kwanza na za meja yako, na Amherst ni hivyohivyo. Kwenye chuo chako kuna mgawanyo, yaani lazima uchukue kozi kutoka nyanja mbalimbali, na sayansi yenye maabara ni lazima. St. John's nao, tangu 1937, wanasoma vitabu vilevile darasa zima. Vyote vinaitwa vyuo vya sanaa huria, lakini kanuni inayokubana wewe ni ya katalogi ya mwaka ulioingia. Ihifadhi nakala yake kwenye simu na kwenye barua pepe. Wakibadilisha masharti ya meja ukiwa mwaka wa tatu, kwa kawaida katalogi ya mwaka wako wa kuingia ndiyo ya kuwaonyesha ofisi ya msajili.

Kuhusu maabara, usiangalie saa za mhadhara peke yake. Maabara ni mchana mzima, saa tatu mfululizo, na huandikwa kwenye mstari wa pili ambao watu hawausomi. Inagongana na semina za mchana. Iweke mwaka wa pili, biolojia au fizikia, usiiache mpaka mwaka wa nne.

Hesabu, mama. Narudi pale pale. Mwezi wa Julai watakutumia jaribio la kukupima kwenye mtandao. Lifanye peke yako, mezani, kwa karatasi na kalamu. Usimwombe mtu akusaidie. Ukipangiwa kalkulasi ya pili kwa majibu ya mtu mwingine, utazama wiki ya tatu. Kabla yake rudia vitu vinne tu: vipeo na logi, trigonometria ya duara la kizio, kugawa polinomia, na kuchora grafu ya fomula bila mashine. Wanaofeli kalkulasi mara nyingi hawafeli kwa sababu ya kalkulasi yenyewe, wanaangushwa na aljebra iliyo chini yake. Wakikupangia darasa la maandalizi kabla ya kalkulasi, niambie siku hiyohiyo, kwa sababu mnyororo wote unasogea muhula mzima na itabidi tuutazame upya pamoja na mshauri wako.

Najua kuna mtu aliyekuambia hesabu si fungu lako, siku matokeo yalipotoka. Aliyesema alikosea, na hakupaswa kusema mbele ya wadogo zako. Ukiwa unaikimbia kalkulasi kwa ajili ya maneno yale, yaache yabaki hapa nyumbani.

Siku ya kujiandikisha, mwaka wa kwanza huingia mwisho, baada ya waliotangulia. Kwa hiyo usiende na kozi nne, nenda na saba, zenye saa zisizogongana, na namba za kozi umeziandika pembeni. Ukikuta darasa limejaa, jiandike kwenye orodha ya kungoja, mwandikie profesa mistari minne ya heshima, kisha siku ya kwanza nenda ukakae darasani na daftari lako. Wiki mbili za mwanzo watu wanahamahama na nafasi zinafunguka. Asiyekuwepo hafikiriwi.

Wiki hizo zikipita, kuacha kozi kunakuwa jambo jingine. Inabaki herufi W, alama ya kozi iliyoachwa, kwenye nakala ya matokeo. Hiyo moja si msiba. Msiba ni viza. Mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi, lazima abebe mzigo kamili, angalau krediti (vipimo vya uzito wa kozi) kumi na mbili kwa muhula, na chuo kinachohesabu kwa kozi kina kiwango chake kinacholingana na hicho. Ukishuka chini yake bila idhini ya ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, hadhi yako imevunjika, hata kama profesa na mshauri wote wamekubali. Idhini inatangulia, kuacha kozi kunafuata. Ukiugua vilevile, anzia ofisi hiyo. Na kozi ya mtandaoni inayoruhusiwa kuingia kwenye mzigo huo kamili ni moja tu kwa muhula.

Kuna jambo la mwisho linalorudi kwenye hesabu, na hili usilichukulie juujuu. Ukimaliza, F-1 inakupa miezi kumi na miwili ya kufanya kazi inayohusiana na meja yako. Meja zilizowekwa kwenye kundi la sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu huongezewa miezi ishirini na minne. Kila meja ina namba yake katika orodha ya serikali ya Marekani. Uchumi wa kawaida, wenye namba 45.0601, haumo. Uchumi wa kitakwimu na ekonometria, namba 45.0603, umo. Kuna vyuo ambavyo vimeiandikisha meja ya uchumi kwa namba hiyo ya pili, na vingine vina njia mbili ndani ya idara moja. Muulize msajili kwa maandishi chuo chako kinatumia namba ipi, na kama njia ni mbili, ya pili inadai kozi gani za ziada. Mara nyingi zinazoongezwa ni aljebra ya mstari na ekonometria ya juu. Nazo mlango wake ni uleule wa kalkulasi.

Mshauri watakayekupa mwanzoni anaweza kuwa mwalimu wa muziki au wa kemia, kwa kuwa meja hutangazwa mwisho wa mwaka wa pili. Ni mtu wa kumheshimu, ila za uchumi hazijui. Wiki ya kwanza nenda kwa mkuu wa idara ya uchumi saa zake za kupokea wanafunzi, umwombe mambo mawili: mpango wa kozi za miaka miwili au mitatu ijayo, na nani ana likizo ya utafiti. Mpango huo karibu kila idara inao, hata kama haujawekwa kwenye tovuti. Wanafunzi hawauombi, basi hawaupati. Ukiupata, upige picha unitumie.

Mama yako anasema sweta mbili nzito ameshazikunja, koti utanunua kule. Cheti cha chanjo nakala yake iko ndani ya bahasha ya kaki pamoja na I-20, ile fomu ya chuo ya viza yako. Usiiweke kwenye begi la chini, ibebe mkononi. Kitanda chako mdogo wako ameanza kukidai kabla hujaondoka, nimemwambia angoje. Bomba la jikoni nimefunga mpira mpya, limeacha kudondosha. Yule binamu yako atakuja Jumapili na mkewe, kwa hiyo uwe nyumbani mchana.

Kikokotoo chako alikuwa nacho mdogo wako. Nimekichukua, nimekitia betri mpya na kukifuta, kipo kwenye droo ya juu ya meza yangu. Rekebisha ile orodha leo jioni unitumie tena.

Baba yako