Kakati yako na jua la Julai

Uyole, Mbeya
Julai

Mpendwa Mama Upendo,

Salamu za baridi kutoka huku kwetu. Natumaini hapo Kihesa, Iringa, hamjambo wote, na watoto wameanza muhula salama.

Picha ya kakati yako, huo mmea wa miiba, nimeipata, nimeikuza na kuitazama kwa makini. Chini ni nene, kijani kibichi, miiba imeshikana vizuri. Kuanzia katikati imekonda na kurefuka, rangi imepauka, kichwa kimelalia dirishani. Huo si ugonjwa wala si upungufu wa mbolea, inatafuta mwanga. Hapo palipokonda hapatanenepa tena, hata uipe jua lote la Iringa. Kitakachobadilika ni kile kitakachoota juu yake kuanzia sasa.

Lakini wazo la kuitoa nje ishinde kwenye ngazi kutwa nzima, nakuomba uliache. Najua unavyowaza: mwezi huu tunavaa masweta mpaka saa tano, jua gani la kuunguza mmea wa jangwani? Hapo ndipo baridi inapotudanganya. Iringa iko juu, mita 1,500 na ushee, sisi huku karibu 1,800, na kiangazi hiki hakuna wingu hata la dawa. Upepo unakupoza wewe, ila jua linachoma vilevile. Kakati iliyozoea sebuleni haina kinga. Upande unaotazama jua unaanza kuwa wa njano, unageuka mweupe, halafu unakauka na kuwa mgumu kama kizibo. Doa hilo halifutiki.

Izoeshe taratibu. Wiki ya kwanza ipate jua changa tu, tangu linapochomoza mpaka saa mbili na nusu hivi, kisha isogeze kivulini penye mwanga. Baada ya hapo uwe unaongeza kidogo kidogo. Zikipita wiki tatu itaweza kukaa juani mpaka saa tano, na hapo inatosha. Kakati nyingi zinaridhika na masaa manne hadi sita ya jua lenyewe kwa siku. Ukiona inaanza kuwa na wekundu wekundu, punguza.

Pa kuiweka, mimi nakushauri baraza la mashariki, wala usihangaike na la mbele. Baraza lako la mbele linatazama kaskazini, na kwa sasa jua linapita upande huo, kwa hiyo hata saa saba mchana linaingia chini ya upenu na kulamba ukuta. Ikifika katikati ya Oktoba linahamia kusini mpaka mwisho wa Februari, na baraza hilohilo linabaki kivulini. Mashariki jua la asubuhi lipo mwaka mzima. Kopo lizungushe robo kila wiki isije ikapinda tena.

Masika nayo yana yake. Mawingu yakitanda mwanga unapungua, na kakati yenye mwanga kidogo haimalizi maji. Iache chini ya upenu, pembeni kabisa, mwanga uifikie na mvua isiifikie. Usimwagilie mpaka udongo ukauke hadi chini. Chomeka kijiti, kikitoka na udongo, subiri.

Ile nyingine ya mama mkwe, isiyo na miiba mikali, yenye vipande bapa vinavyoning'inia, usiichanganye na hii. Asili yake ni misitu ya milimani Brazili, inaota juu ya matawi ya miti, na jua la mchana inalichukia. Ibaki dirishani nyuma ya pazia jepesi.

Nitumie picha mwisho wa Agosti, uipige kwa juu ili nione miiba mipya. Ikitoka minene na ya karibu karibu, mwanga umeupatia. Yangu imeshaota watoto pembeni. Nitakutengea wawili, nitakupa mkononi ukija huku Desemba.

Msalimie Baba Upendo na mama mkwe.

Rafiki yako,
Mama Atupele