Methali za Kichina zisipitie kwanza kwa Mwingereza

Ndugu mhariri, naomba nafasi kidogo maana makala yenu ya biashara wiki iliyopita imeniuma kweli. Mwandishi kasema eti Wachina neno lao la mgogoro, weiji, limeundwa na "hatari" na "fursa", kwahiyo wafanyabiashara wetu wasiogope hali ngumu. Jamani hiyo sio ya Wachina, ni maneno yanayozunguka kwa wazungu miaka mingi, hata John F. Kennedy aliyasema kwenye hotuba mwaka 1959 kabla hajawa rais. Wei ni hatari kweli, ila ji hapo sio fursa, ni ule wakati nyeti mambo yanapogeuka, na herufi hiyohiyo ndo imo kwenye feiji, yaani ndege, na huko maana yake ni mashine.

Mi nilisoma Kichina Guangzhou miaka minne na sasa nawatafsiria wafanyabiashara Kariakoo, hili jambo nakutana nalo kila siku. Nahau zao nyingi, zile za herufi nne wanaziita chengyu, zimebeba kisa kizima, sasa Mwingereza kisa kikimshinda anachomeka methali ya kwao. Kuna moja inaitwa dui niu tan qin, kumpigia ng'ombe qin, ambayo ni ala ya nyuzi saba. Fundi mmoja jina lake Gongming Yi alimpigia ng'ombe wimbo mzuri kabisa, ng'ombe wala hana habari anakula majani yake, jamaa akabadilisha akaiga mlio wa mbu na ndama anayelia, hapo ng'ombe akatingisha mkia akasimamisha masikio. Kitabu chetu cha darasani kwa Kiingereza kiliandika kuwatupia nguruwe lulu, ambayo ni Biblia ile, Mathayo 7. Nikanyoosha mkono nikamwambia mwalimu sisi kwetu tunasema kumpigia mbuzi gitaa. Mwalimu alifurahi akaandika MBUZI ubaoni, akamchora na mbuzi mwenyewe pembeni na pembe zake.

Yaani Kiswahili kilikuwa nayo karibu neno kwa neno, lakini anayeanzia kwenye Kiingereza atatuletea nguruwe, na msikilizaji atatoka hapo ni najisi, wakati kwenye kile kisa hata mpigaji anaguswa, kwanini hakuangalia kwanza anampigia nani.

Maneno ya historia ndo balaa zaidi. Neno yi Wachina walilitumia kwa watu wa nje, Waingereza wakalitafsiri "washenzi", wakakasirika mpaka kwenye mkataba wa Tianjin wa 1858 wakaweka kifungu cha 51 kwamba serikali ya China isiwaite hivo tena kwenye nyaraka zake. Na fengjian je? Zamani ilikuwa ni mfalme wa ukoo wa Zhou kuwagawia ndugu zake na washirika wake ardhi wakatawale huko, Qin Shi Huang, mfalme mkuu wa kwanza wa China, alipounganisha nchi mwaka 221 kabla ya Kristo akaachana na mambo hayo akaweka maofisa wake. Baadaye sana neno hilohilo likachukuliwa kutafsiria mfumo wa Ulaya ya kale, likazoeleka, na sisi tukalipokea kama "ukabaila", sasa msomaji wa Kiswahili anaambiwa China ya karne ya 19 ilikuwa ya kikabaila na anapata picha ya mfumo ulioachwa miaka zaidi ya 2000 nyuma.

Ombi langu ni dogo tu mhariri. Makala ikija na "Wachina wanasema", mwombeni mwandishi awape maneno yenyewe kwa matamshi yake, na kama hana mpigieni hata kijana mmoja pale Taasisi ya Confucius Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, dakika tano zinatosha. Na ikishindikana kabisa basi andikeni wazi kwamba mmeitoa kwenye Kiingereza.

Msomaji wenu wa kila siku,
Temeke, Dar es Salaam